Jiwe la Baba Kwenye Mizani

Tunduma,
Jumatano

Kaka yangu Ambwene,

Pokea salamu za huku mpakani. Mimi ni mzima, kile kifua cha vumbi kimeniachia. Naamini wewe, wifi Jenista na watoto hamjambo hapo kijijini Ruanda, na mguu wa mama umepungua kuvimba. Khanga zake nimezipata, Tabita anayekuletea barua hii atampa mkononi.

Utashangaa, Tumpale mwenye simu kubwa leo anaandika kwa kalamu! Kaka, kwenye simu ningeanza kuongopa ukisema tu haloo.

Kazi hii uliniombea wewe, lakini sijawahi kukueleza vizuri ninachofanya. Kuna programu kwenye kompyuta yangu. Mtu yeyote akiitaja kampuni mtandaoni, akiisifu au akiitukana, inanikamatia maneno yake na picha zake. Mimi nasoma, napeleka taarifa kwa meneja, kisha naandika la kuwajibu watu. Nilikuwa naringa nayo, we acha tu.

Mwezi wa sita ikaleta maneno ya mtu aliyejiita Mkulima Mchovu. Alisema mizani ya kituo chetu cha Ruanda inawapunja wakulima wa kahawa, akaweka na picha: jiwe limekaa juu ya mizani, namba zinaonyesha kilo nne na nusu. Watu walitutukana hadi basi. Meneja akatuita, akauliza huyu ni nani. Programu haikujua. Ilikuwa na jina la uongo na jiwe tu.

Lakini jiwe lile lilikuwa na doa la bluu na pembe iliyomeguka. Unakumbuka baba alivyolibeba hadi zahanati, akamwomba nesi alitie kwenye kile kikaptula cha kupimia watoto? Mama alicheka hadi akakaa chini. Kilo tano kamili, na nesi akamwambia baba mtoto wake hana utapiamlo. Tangu siku ile alilitanguliza juu ya kila mizani kabla ya kahawa yake, na hakuna mnunuzi aliyempunja.

Walipokufukuza ukarani wa mizani uliniambia aliyekuuza ni Kasiani mlinzi, kwa kuwa yeye peke yake alikuona ukipiga picha. Mama ananiambia humwitikii hata salamu, rafiki yako wa tangu kipaimara. Amekuja mlangoni kwako mara mbili, hukufungua. Na Jumamosi binti yake anatolewa mahari, wewe ndiye uliyekuwa msemaji wao, umekataa.

Kaka, si Kasiani. Ni mimi.

Sikutishwa na mtu, wala ulimi haukuniteleza. Nilinyoosha mkono nikasema jiwe lile nalijua, ni la baba yangu, na anayelitunza ni kaka yangu. Meneja alisema wataongea na wewe tu, nami nikajifanya kuamini. Ukweli ni kwamba nilifurahi kuishinda kompyuta. Walinipigia makofi. Kisha nikaandika mimi mwenyewe jibu la kampuni kwamba mizani ilikaguliwa na haina tatizo. Uliponipigia simu unalia, nikakupa pole! Jamani, nilipata wapi uso ule?

Jiwe walilokunyang'anya, meneja aliliweka mezani kwangu, nikandamizie karatasi. Jana nimelitia kwenye mkoba nikalipeleka zahanati ya hapa. Nesi alinitazama kama kichaa, lakini alilipima. Kilo tano kamili, kaka. Sikulirudisha ofisini.

Jumamosi asubuhi nakuja nalo. Nitaanzia kwa Kasiani, niseme mbele ya wageni wake wote, na wakulima watakaokuwepo walishike jiwe kwa mikono yao. Usipotaka kuniona sitakulaumu. Ila nakuomba, nenda ukamsemee binti yake. Mwenzio hana kosa.

Msalimie wifi na watoto. Mama usimsomee haya, nitamwambia mwenyewe nikifika.

Mdogo wako niliyekukosea,
Tumpale