Kigae cha Mbuke

Mwanhangala,
Shinyanga.
23 Februari 1936

Mpendwa kaka yangu Jilala,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Geita, na kwamba kifua chako kimepata nafuu, maana vumbi la mashimo ya dhahabu si rafiki wa mtu. Mimi mwili wangu ni mzima sasa, homa imeniacha. Moyo ndio sijui nikuambieje.

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa Mwalimu Mihayo wa Kolandoto. Umesema ukipata ruhusa mwezi wa nne utakuja kunichukua nikakae nanyi. Nililia nilipoisoma, nikafunga mizigo siku hiyo hiyo kana kwamba mwezi wa nne ni kesho. Mizigo yenyewe ni mikeka miwili na sufuria. Ngoja nikueleze kwa nini nimeifungua tena.

Unajua nimetengwa tangu Desemba. Kila nyumba ilitakiwa kutoa mtama wa pombe ya kutambikia mvua, mimi nikakataa kwa kuwa nimebatizwa. Kukataa sikujutii. Lakini nilikataa kwa ulimi ule unaoujua, nikawauliza hiyo mizimu yao italewa mara ngapi ndipo isikie. Hapo nilikosa. Mageni, kiongozi wa vijana wa kulima, akatangaza: Zipora asisalimiwe, asisaidiwe mzigo, asipewe moto.

Kaka, njaa naijua, na msiba wa mume wangu Makoye nimeubeba. Hili ni jingine. Wiki nane hapa kijijini hakuna aliyenisalimu, hata "Mwangaluka" ya asubuhi. Kisimani wanawake wananyamaza nikifika, nami nasubiri wote wachote waondoke. Kuna siku nilimsalimia mbuzi ili nisikie sauti yangu. Usicheke.

Mwalimu Mihayo aliniambia nijitahidi kuitazama shida hii kutoka kule anakokaa Mungu. Nikamjibu kwamba ni rahisi kusema hivyo ukiwa unasalimiwa kila mlango. Nilimwonea, maskini.

Nami pia nilikuwa nikiomba mvua, tena kwa machozi. Ikaja mwishoni mwa Januari, wakasema si mnaona, tumemtenga Zipora na mvua imenyesha! Mvua hiyo hiyo ikapenya kwenye paa, ambalo tangu Makoye afe halina wa kuliezeka, ikauzima moto wangu. Nilikuwa na homa, na duka la Bashiri lenye viberiti ni mwendo wa siku nzima. Siku mbili nilitafuna karanga mbichi nikitetemeka. Nilimwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika hapa.

Siku ya tatu nilijikokota nje, nikakuta njiani, karibu na ua wangu wa minyaa, kigae cha chungu chenye makaa ya moto yaliyofunikwa majivu. Hakuna mtu. Nikapika uji, nikaunywa huku nalia.

Sasa sikia kosa langu. Mama alitufundisha kwamba chombo cha mtu hakirudi kitupu. Basi nilikisafisha kile kigae, nikakijaza karanga za kukaanga, nikakirudisha palepale njiani, nikijiona mwenye adabu kweli kweli. Wanawake waliokuwa wakienda kisimani wakakiona. Si unajua huku kila mmoja anaijua mistari ya vyungu vya mwenzake. Kilikuwa cha bibi Mbuke, mama yake Mageni mwenyewe.

Mageni alimtenga mama yake mbele ya watu wote. Angemwacha, nani angemtii tena? Alitangaza huku akitazama miguu yake, kisha akaenda porini peke yake, hakuonekana hadi siku ya pili. Sina tena nguvu ya kumchukia.

Nilikwenda kwa Mbuke kuomba radhi. Hakunikaribisha hata kiti. Nikamwuliza kwa nini alinipa moto mimi niliyeitukana mizimu yake. Akasema, "Moto haujui nani kabatizwa." Halafu akaongeza, "Na karanga ungekula mwenyewe."

Tangu hapo nawaza sana. Nilipokuwa nikilia kwamba Mungu hanioni, nilikuwa nikiitazama nyumba moja tu, yangu. Labda Yeye alikuwa akizitazama mbili. Sisemi nimeelewa. Ile homa, na ile mvua iliyouzima moto wangu, sijui machoni pake vinaonekanaje. Ila najua Mbuke ni mzee, macho yake yamefifia, na mara nyingi moto wake huzimika asijue. Sheria haikusema aliyetengwa asimpe aliyetengwa mwenzake. Nikija Geita, atapewa moto na nani?

Kwa hiyo usije kunichukua, kaka yangu. Najua itakuuma, na mimi inaniuma zaidi. Jioni bado nasikiliza kama kuna hatua za mtu uani, na hakuna. Mbuke si mtu wa maneno, na habari za Yesu hataki kuzisikia. Lakini leo asubuhi nilipompelekea makaa, kabla sijafungua kinywa, alisema, "Mwangaluka." Nikamwekea makaa mekoni, nikamjibu.

Nisalimie sana wifi yangu Melania, na mzee Hatibu aliyewapa chumba. Mwambie dada yako anamwombea. Mungu akulinde kila unaposhuka shimoni, akupandishe salama.

Ukipata mtu wa kuja huku, nitumie viberiti viwili, kimoja changu na kimoja cha Mbuke. Ila usiharakishe. Kwa sasa tunaombana moto, na bila hilo hakuna ambaye angebisha mlangoni kwa mwenzake.

Ni mimi dada yako, mwenye ulimi mrefu na anayekupenda,

Zipora