Dawa ya Kumtuliza Veva

Jumatatu, 9 Juni 2025

Leo tumemteremsha mjukuu wangu Veva kwa daktari wa meno, mimi na mkaza mwanangu Janeth. Gego la chini limeoza mpaka linanuka. Ukiinama kumbusu mtoto unarudi nyuma. Shavu limevimba kama kaficha andazi. Miaka sita tu. Na nani kamlisha pipi na soda? Sisi. Mimi mwenyewe namkatia muwa kila jioni ili anyamaze nipike. Kinyaa kitupu.

Daktari ni binti mdogo, Mwanaisha. Kaniamkia shikamoo kabla hajagusa karatasi, nikampenda hapo hapo. Lakini Veva alipoiona sindano ya ganzi — alipanda mgongo wa kile kiti kama paka. Akamng'ata daktari kidole mpaka damu. Foleni yote nje inasikia. Janeth kasimama anapangusa machozi, basi.

Nikamwambia Janeth mbele ya watu: mtoto hakufunzwa huyu, mama yake yuko wapi?

Daktari akafunga kidole chake, akasema kwa upole: vidonge vya usaha siku saba, Jumatatu turudi, jino litoke. Tusipitishe, maana usaha ukishuka shingoni unaziba koo. Kasema niandike saa za vidonge. Ndiyo maana daftari hili halitoki kikapuni. Shule sikusoma, herufi nimezipata kisomoni nikiwa na mimba ya mwanangu Zabron, lakini saa ya kidonge naijua kuandika.

Jumanne, 10 Juni

Kidonge asubuhi, mchana, jioni. Shavu limepungua kidogo.

Habari imeshapanda mlima kabla yetu. Kila anayepita ana dawa ya hofu. Huyu kasema kivumbasi, avutishwe mvuke. Yule kasema apakwe masizi kisogoni. Mwingine, mtu mzima na kitambaa chake kichwani, kasema mtoto anyweshwe maji aliyooshea miguu baba yake. Baba yake yuko Mombo kwenye kibarua. Tumwagize miguu kwa basi? Na maji ya miguu ya Zabron nayajua. Niache nisitapike.

Nimechemsha mchaichai na asali. Veva kanywa vikombe viwili, kaomba cha tatu. Nikamuuliza: sasa twende kwa daktari? Kaingia uvunguni.

Mchaichai ni mtamu. Hofu iko pale pale.

Jumatano, 11 Juni

Nimechukua kijiko cha chai. Nikamwambia leo wewe ndiye daktari, mimi mgonjwa. Kaniingizia kijiko mpaka kooni. Kakagua. Kasema: "Bibi, wewe meno yako manne yamehama." Nikamwambia yamehamia kwa Mungu. Kacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Kisha zamu yake. Kafungua mdomo nikahesabu mpaka tano, kafunga. Harufu imenipanda kichwani lakini sikugeuza uso.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ya gulio. Janeth karudi na chupa. Kainunua kwa Anord, yule anayetembeza dawa kwa pikipiki na spika inayopiga kelele. Nimesoma karatasi ya chupani herufi moja moja. Dawa ya Hofu kwa Watoto — Meno, Sindano, Tohara, Mtihani. Mitishamba Halisi. Na picha ya mtoto wa Kizungu anacheka, meno kama punje za mahindi mabichi. Vijiko viwili vya chakula.

Janeth kafurahi, anasema wamama wote wanaisifu. Sawa. Mimi siikatai mitishamba, nimelea watoto sita kwa mitishamba. Lakini kwetu dawa haifiki kinywani mwa mgonjwa kabla hajaionja anayeitoa. Mama yangu alifanya hivyo na mama yake pia. Anayekupa anywe kwanza, kipimo kile kile, umwone. Janeth kwao Bungu wanafanya vile vile, lakini vijana wa sasa wakiona chupa ina karatasi wanasahau.

Nimekunywa vijiko viwili. Utamu wa kuchefua. Na chini ya utamu uchungu wa unga wa kidonge, si wa mzizi. Nakaa kwenye kigoda nichambue maharage, nione.

Ijumaa, 13 Juni

Jana sikumaliza maharage.

Nililala juani saa sita mchana, nikaamka kuku wanaingia bandani. Mate yamechuruzika kifuani mpaka ndani ya ungo. Mbuzi kala nusu ya maharage, nusu kaikojolea. Janeth alidhani nimekufa. Veva ndiye aliyenivuta sikio mpaka nikafumbua jicho moja. Ulimi kama kipande cha ubao. Mpaka leo miguu si yangu.

Mimi! Mwenye mifupa ya kubebea kuni. Sasa mtoto wa kilo kumi na tano?

Nimeimwaga chooni. Si shambani, kabichi haina kosa. Chupa nimeisuuza kwa jivu.

Mchaichai hautafanya hivyo, wala kivumbasi. Kuna vidonge vya watu wazima mle, vimesagwa vikatiwa sharubati ya sukari. Sukari! Ndiyo iliyolitoboa jino.

Jumamosi, 14 Juni

Nimemfuata Anord stendi.

Shikamoo bibi, karibu. Nikaitikia, adabu ni adabu. Nikamuuliza mle chupani kuna mti gani. Mizizi ya msitu wa Magamba, bibi. Nikamwambia: "Msitu huo nimeokota kuni miaka hamsini. Nitajie mzizi mmoja." Ati siri ya kazi. Ati babu yake alimwachia. Babu yake namjua, alikuwa anauza mafuta ya taa.

Kasema watoto wanatulia kabisa, waulize wateja. Nikasema hata maiti anatulia.

Nikachukua chupa mezani kwake nikaifungua. "Kunywa wewe kwanza, mwanangu. Vijiko viwili, mbele ya hawa."

Kacheka. Watu wamekusanyika. Kasema: "Bibi, nina pikipiki hapa, naendesha."

Kajiumbua mwenyewe kwa mdomo wake. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama mmoja karudisha chupa yake. Lakini — hili ndilo limenichefua kuliko yote — mwingine aliyesikia neno kwa neno akasema basi kama inalaza hivyo nipe mbili, wangu ana kelele. Na akauziwa. Nikiwa nimesimama pale.

Nimetema mate chini. Kwa muuzaji na kwa mnunuzi.

Jumapili, 15 Juni

Misa. Kidonge. Kijiko.

Veva leo kafungua mdomo mpaka ishirini. Nimemweleza kila kitu. Utachomwa sindano, itauma kama siafu. Kisha shavu litakuwa zito kama si lako. Kisha utasikia kuvutwa. Kauliza siafu wangapi? Nikasema mmoja. Kafikiri. Kasema mmoja anamweza.

Janeth alikuwa anasikiliza mlangoni. Kasema mama, ukimwambia itauma ndiyo umeharibu. Nikamwambia ukimdanganya leo, nani atamwamini kesho? Tukapandishiana sauti. Nikamwambia: kesho akitutia aibu tena, mimi nitajua wa kumlaumu.

Kaondoka. Zabron kapiga simu jioni, naye namsikia kwenye simu ya Janeth: asing'ate tena mtu huyo mtoto, nachekwa huku. Huku wapi? Aje amshike mwenyewe.

Jumatatu, 16 Juni

Niko kwenye benchi la hospitali. Naandika kwa sababu mikono yangu ikikaa bure itampiga mtu.

Asubuhi nilikwenda kukamua, nikamwacha Veva na mama yake. Kwenye bodaboda kichwa chake kilikuwa kinaniangukia mgongoni. Nikasema baridi hii ya Juni. Janeth kimya njia nzima. Nikasema kanuna.

Ndani Veva kapanda kitini mwenyewe. Nikajisifu. Kafungua mdomo alipoambiwa. Nikahesabu mpaka ishirini, nikafika thelathini, mdomo uko wazi. Hakuitazama sindano. Hakutazama kitu.

Daktari Mwanaisha akaiweka sindano chini. Akamfunua kope. Akamwita jina mara mbili. "Bibi, mtoto kapewa nini?"

Nikasema uji na mchaichai. Nikageuka. Janeth anatazama ndala zake.

Alinunua chupa mbili. Ya pili kaificha kwenye debe la mchele. Kasema kijiko kimoja tu, nusu ya kipimo. "Mama, wewe ulikunywa viwili ukaamka."

Mimi nilikunywa ili Veva asinywe. Yeye kaona kuamka kwangu ndiyo ushahidi kwamba inafaa.

Nilitaka kumtukana mpaka ukoo wake wa Bungu usikie. Kisha nikaona mikono yake. Inakunjakunja pindo la kanga kama ya mtoto aliyevunja sahani. Na nani kamtisha? Daktari wa meno? Anord? Mtoto alikuwa hamwogopi tena daktari. Aliyebaki na hofu nyumbani ni Janeth, na hofu yenyewe mimi nilimpa, mbele ya foleni, na jana mlangoni. Nikajionea kinyaa kuliko cha lile jino.

Daktari kauliza: nani kampa? Anataka kuandika.

Nikasema: tumempa sisi.

Kaandika. Kavua glavu. Kasema jino haliguswi leo, mpaka mtoto awe macho kabisa. Wametukalisha chumba cha pili, kwenye benchi hili, wamembana Veva kidude kidoleni kinachohesabu moyo. Daktari mkubwa kaitwa, yuko njiani. Mabaki ya chupa wanayataka, wajue ni vidonge gani. Nimewaambia nitawaonyesha na pikipiki yenyewe ya Anord.

Kasema tumwite jina kila baada ya muda, na aitike. Akichelewa kuitika tupige kelele.

Kichwa cha Veva kiko mapajani kwangu. Daftari liko juu ya bega lake. Janeth kasimama ukutani, hathubutu kusogea. Nimemwambia njoo, kaa, mshike miguu, imepoa. Kakaa. Kamvua soksi, anamsugua.

Nimemwita mara ya kwanza, kasema "bee". Mara ya pili, "bee". Mara ya tatu kafungua jicho, kaniuliza siafu keshapita? Nikasema bado, anakuja, usilale.

Sasa Janeth ndiye anaita. Veva. Veva, mama.

Hakuna "bee". Anaita tena.

Janeth ananitazama.