Wambeti Wawili na Timu ya Samasoti

Jumatatu, 6 Agosti 2018

Leo mtoto wangu ameonekana. Si mimi nasema – ni Kocha Muturi wa Embu mjini, mtu wa filimbi shingoni na trakisuti ya kijani. Alikuja hapa Manyatta kununua maharagwe, akakuta Wambeti anapiga samasoti tatu mfululizo kando ya turubai nilipoyaanika, hata punje moja haikumwagika. Ana miaka mingapi? Sita. Akasema timu yake ya samasoti huanza na wa miaka sita, Desemba wanashindana na watoto wa Nairobi, na huyu ni kama hana mifupa. Nikamwambia kwetu Nkubu ni kawaida. Mimi mwenyewe nilikuwa nashuka mti wa avokado kichwa chini. Nilianguka, lakini hilo hakuuliza.

Jumanne, 7 Agosti

Nimeambia wachache tu. Kwaya, watu wa chama chetu cha akiba, yule wa posho mill anayetusagia unga, na jirani yangu Mama Karimi. Huyo akauliza, kwani atakula samasoti? Namwombea. Karimi wake ana miaka tisa na kufunga kamba za viatu bado ni mradi wa serikali.

Jumatano, 8 Agosti

Ndwiga ndiye baba wa nyumba hii. Ana sauti ya kufukuza fisi. Nimemuuliza, hii fomu ya timu aliyoniachia kocha, nisaini nisisaini? Akaangalia chai. "Muulize mama."

Ndiyo hiyo. Mtoto alipewa jina la mama mzazi wa Ndwiga, kama desturi, kwa hiyo bwana wangu hawezi kumwamuru hata kunawa miguu. Anamwita "mami". Mwanaume wa kilo tisini anaomba ruhusa kwa mtu asiye na meno ya mbele.

Ijumaa, 10 Agosti

Mama mkwe amevuka boma na ndizi na jibu. Habari alipewa na kwaya. Akataka kuona hiyo nguo watoto wa timu wanavaa. Nikamwonyesha picha kwa simu. Akaishika mbali, akaishika karibu.

"Kathambi, mimi nina miaka sabini na moja. Nimekuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani. Leo unataka nisimame mbele ya Nairobi na suruali ya ndani?"

Si wewe, Mama, ni mtoto.

"Na mtoto ni nani? Si ni mimi?"

Kwa hiyo nimemvua mama mkwe nguo. Na mwaka bado haujaisha.

Jumatatu, 13 Agosti

Majaribio, mjini. Mama mkwe alikataa kubaki. Alikaa mbele, mkoba kwa mapaja, kama mkaguzi wa shule. Wambeti aliruka kushinda wote. Sijisifu, nina picha thelathini na nane.

Kisha kocha akamwambia apanue miguu mpaka sakafuni. Ikabaki nafasi ya kiganja. Akamkandamiza mabega, akihesabu mpaka thelathini. Wote hulia mwanzo, akaniambia. Wambeti hakulia. Alinitazama akitabasamu, tabasamu lile la picha, na machozi yakawa yanashuka yenyewe. Simu nilikuwa nimeinua. Picha ya thelathini na tisa ndiyo hiyo.

Mama mkwe akaingia kwa mkeka na viatu vyake.

"Niachilie mabega."

Akamwachilia. Hata kocha ana nyanya yake.

Jumanne, 14 Agosti

Nimemuuliza Wambeti kama anataka timu. "Wewe unataka?" Nikamwambia hilo si jibu. Akaenda zake kwa maharagwe, akapiga samasoti tano. Hakuna aliyehesabu isipokuwa mimi. Alikuwa anacheka peke yake.

Mama Karimi anauliza Nairobi tunaenda lini. Nimesema karibuni tu.

Ijumaa, 17 Agosti

Kocha anataka fomu kesho, saa mbili atapita na gari amchukue. Mazoezi siku sita kwa wiki, Jumapili ikiwemo, baada ya kanisa. Jinsi anavyomheshimu Mungu!

Kuna mahali wameandika: Mtoto mwenyewe amekubali? Nilijaza NDIYO wiki iliyopita, kabla ya majaribio, herufi kubwa. Haifutiki. Nimejaribu na mate. Imebaki sahihi ya mzazi.

Jumamosi, 18 Agosti

Saa mbili na dakika tano. Kocha yuko kwa lango, anapiga honi. Ndwiga ameenda kuangalia ng'ombe ambaye hana shida yoyote. Wambeti hayuko kitandani kwake. Nimevuka boma nikagonga kwa mama mkwe. Hakufungua.

"Mwambie huyo kocha tunaumwa mabega."

Tunaumwa. Na mdogo nimemsikia akicheka ndani ya blanketi.

Nimerudi, nimekaa mezani. Mama Karimi ako nje, anaanika leso moja tangu honi ya kwanza. Picha ya thelathini na tisa sijaifuta, wala sijamtumia mtu. Honi tena. Fomu iko hapa kando. Biro katika nyumba hii ni moja, na bado naandikia kwa daftari hili.