Kanuni ya Kumshusha Chifu

Jumatatu, 9 Agosti 1971

Shule zimefungwa. Nimekata ubao mwingine wa mchezo wangu kwenye katoni ya sabuni, ule wa kwanza umeharibiwa na unyevu. Ng'ombe ni vipande vya jiwe laini la kuchonga kutoka kule Tabaka. Unarusha dadu, anayefika kwanza kwenye kilima kilichochorwa katikati ndiye chifu, na kila zamu anachukua ng'ombe mmoja kutoka kwa kila mchezaji. Waliobaki wakikubaliana wote, anashuka. Tumeujaribu mimi, mke wangu Kwamboka, dada yake Moraa na mwalimu mwenzangu Ombati. Ombati alishushwa mara mbili, akanuna. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Jumatano, 11 Agosti

Ombati na mdomo wake. Ameusimulia mchezo hotelini pale Suneka, kanuni ya kumshusha na yote. Askari wa chifu wetu alikuwa meza ya pili, anakunywa chai. Ombati anasema hakusikia. Alisikia.

Ijumaa, 13 Agosti

Askari amepita njia ya chini ya nyumba yetu mara tatu. Hana shamba huko. Naogopa. Mwalimu mmoja alichukuliwa mwaka jana kwa maneno machache kuliko haya, mkewe bado anauliza alipo. Kwamboka anataka niuchome. Niliusogeza motoni, kisha nikaurudisha chini ya kitanda. Mjinga mimi.

Jumapili, 15 Agosti

Chifu amekuja mwenyewe. Askari alikuwa amemleta Ombati. Kwamboka alimpa Chifu chai, naye akaniambia:

"Mwalimu, leta huo mchezo tucheze."

Tukacheza wanne: Chifu, Ombati, Kwamboka na mimi. Ombati alikaribia kilima, akahesabu vibaya makusudi. Chifu akapanda. Akala ng'ombe wetu zamu kwa zamu, hakuna aliyetaja kumshusha. Kisha akauliza:

"Na huyu chifu wenu, anashushwaje?"

Karatasi ya kanuni nilikuwa nimeikalia. Kanuni ya kumshusha anaijua, nami nilijua anaijua.

"Hashushwi, Chifu."

Akasema mchezo ni mzuri, watoto wafundishwe. Alipoondoka ndipo nikainuka juu ya ile karatasi.

Jumatano, 18 Agosti

Nimeifuta kanuni. Leo tumeujaribu bila hiyo, sisi wanne wa mwanzo. Moraa alipata kilima mapema. Tulianza baada ya chakula cha mchana. Jua limeshuka na bado yuko pale pale. Sisi watatu hatuna ng'ombe hata mmoja, lakini tunaendelea kurusha. Ombati aliuliza polepole mchezo unaisha lini.

Nikamwambia ni zamu yake.