Kinanda Ulichokipiga Siku ya Santuri

Kaka yangu marehemu Bakari,

Kila Alhamisi nakusomea Fatiha, na leo nimeimaliza nikiwa bado na hasira. Mwenyezi Mungu anisamehe. Sina wa kumwambia ila wewe.

Unaikumbuka harusi ya kule Mwabungo, nilipoimba mbele za watu kwa mara ya kwanza? Nilikuwa naona haya, pumzi inanikatika katikati ya ubeti. Ulikaa na kinanda chako, mkono mmoja ukisukuma mvukuto, mwingine ukitembea juu ya vibonyezo. Nilipochelewa, ulichelewa nami. Nilipopotea, uliiacha sauti ya kinanda ining'inie kidogo mpaka nikakufikia. Wanawake wakapiga vigelegele wakidhani tumepanga. "Mimi sihesabu," uliniambia tukirudi nyumbani. "Nakusikiliza unavyovuta pumzi."

Basi ni kitu gani kilikupata siku ya santuri, kule Msambweni?

Yule bwana wa Mombasa alikuja na mashine yake ya kunasia sauti, akatundika mablanketi madirishani, akatuomba jambo moja tu: "Pigeni kama mnavyopiga harusini." Lakini taa ya mashine ilipowaka, mguu wako ukaanza kugonga sakafu kama askari wa gwaride. Ukabonyeza kila sauti mahali pake, sawasawa, kavu. Nikisita nivute pumzi, umeshapita. Nikaimba nikikukimbilia kwa nyuma, kama mtoto aliyeachwa na mama yake sokoni.

Tukarudia. "Bwana Bakari, legeza kidogo, msubiri dada," akasema yule bwana kwa upole.

Ukamjibu, "Hii itasikika hata tukishakufa. Sitaki mtu aseme nilikosea."

Ukazidi kukaza. Mwishowe alichoka, akasema imetosha. Njiani nikakuuliza, "Kaka, mbona hukunisubiri?" Ukafoka kwamba sijui maana ya kupiga vizuri. Tulipatana baadaye, ndiyo, lakini habari ya wimbo ule hatukuigusa tena, na kabla hatujaitwa kurekodi mara nyingine, homa ikakuchukua.

Sasa miaka ya hamsini inakaribia kwisha, na santuri yetu inapigwa mpaka Vanga. Watu hunishika mkono: "Nduguyo alikuwa hakosei!" Nami nauma meno. Ni kweli, hukukosea. Lakini yule si wewe, na nikisema hivyo wananitazama kama mwenda wazimu.

Hayo ningeyavumilia. Kilichonishinda ni Mwanahamisi, binti yako. Ulipofariki alikuwa mdogo mno, hakumbuki hata siku moja ukipiga. Amekuwa msichana mkubwa, amekichukua kinanda chako, amejifunza kwa santuri ile, akirudisha sindano mpaka imekwaruzika. Juzi akaniita nimsikilize. Ilikuwa ile ile, kaka! Hata kule kugonga mguu kunakosikika kwenye santuri, naye anagonga wake.

"Ni kama baba, shangazi?" akaniuliza, uso umemchangamka.

Nilifunika gramafoni kwa kanga. "Usihesabu," nikamwambia. "Nisikilize mimi." Nikaimba, akanitangulia. Nikaimba tena, akanitangulia tena, mpaka koo likanikauka na yeye akakaribia kulia.

"Lakini kwenye santuri baba hafanyi hivi!"

"Siku ile baba yako aliogopa."

Akaondoa vidole kwenye vibonyezo. "Hata yeye?"

"Hata yeye, mwanangu."

Akafuta viganja kwenye leso, akausukuma mvukuto. Nilipofika mwisho wa ubeti pumzi ikaniishia. Hakunipita. Aliishika sauti ile, akaiacha isimame peke yake, akinitazama mdomo, hadi nilipokuwa tayari.

Nililia, Bakari, na usidhani ni kwa furaha tu. Ungalituachia upigaji huu wewe mwenyewe kwenye santuri. Sasa kazi yangu ni kumfundisha mwanao asikuige wewe wa kwenye santuri, nami sina ushahidi wowote ila masikio yangu.

Mungu akulaze pema, akusamehe nawe unisamehe.

Ni mimi, dada yako mdogo.