Sanduku la Jerwin Limejaa

Jumatatu, 3 Juni 2019
Seva imejaa tena. Bosi, Bwana Sumagaysay, kasema diski mpya mwaka huu tusahau. Masanduku ya barua pepe ya walioondoka chuoni yafutwe, mwisho Jumatatu ijayo.

Lililojaa pomoni kuliko yote ni la Jerwin. Mwalimu wetu wa fizikia — pikipiki yake na lori, mwisho wa Aprili. Nilidhani hakuna anayemwandikia tena. Kumbe.

Jumatano, 5 Juni
Mama yake kaja mwenyewe kutoka kijijini kwao Guimbal, na wali wa nazi kwenye majani. Mama Filomena. Tangu mazishi humwandikia mwanawe kila asubuhi — nani kaoa, mbwa kazaa — na picha juu. Picha ndizo zilizojaza. Sasa barua zinarudi.

“Mwanangu Marivic, mbona ananirudishia? Nimemuudhi nini?”

Nikamwambia si yeye, Mama, ni mashine, nafasi imekwisha. Arobaini ya Jerwin ni Jumapili. Watasali, watamtengea sahani, watamuaga, roho iende zake. Anaomba barua ya kumuaga isirudi.

Alhamisi, 6 Juni
Nimefuta barua zangu zote za zamani, nikapunguza kikomo cha sanduku langu, nafasi nikampa Jerwin. Bosi kaona. Eti, “Wewe Marivic, siku hizi unawapangisha maiti?” Sikucheka. Akakohoa, akasema haya, lakini Jumatatu ni Jumatatu.

Jumamosi, 8 Juni
Mama Filomena kapiga simu. Anacheka. Sijawahi kumsikia akicheka. Barua za jana zote zimepita, hata moja haikurudi.

“Jerwin kafagia chumba chake mwenyewe, mwanangu. Anayefagia chumba hana safari.”

Kesho hakuna sala. Majirani kawaambia wasije, nguruwe wa karamu kamrudisha kwa mwenyewe. Hamuagi mtu ambaye haendi. Jumatatu atamtumia picha za paa jipya.

Mimi ndiye niliyefagia. Nilitaka kumwambia. Nikasema nina kazi, Mama, nitakupigia.

Nikimwambia leo, namuua Jerwin mara ya pili. Nikinyamaza, Jumatatu barua zitarudi, na arobaini itakuwa imepita bila mtu kumuaga.

Sijampigia. Simu inaita. Namba ya Guimbal.