Rakaa ya Tano

Jumatano, baada ya Magharibi

Leo nimesali Alasiri rakaa tano. Mtu mzima mimi, nimeshindwa kuhesabu hadi nne kwa sababu ya mchezo wa kwenye simu!

Dada yangu Mwanaidi alikuwa anapasuliwa uvimbe wa shingoni huko Korogwe, nasi hapa Handeni tunasubiri mumewe apige. Simu alikuwa nayo binti yangu Zaina, anacheza. Ngoma za ule mchezo zilianza taratibu, kisha zikaharakisha, na kinanda kikapanda kama mtu anayevuta pumzi asiitoe. Moyo wangu ukafuata. Nikawa nasujudu mbiombio, kana kwamba nakimbizwa mimi.

Nilipotoa salamu nikamwambia, "Zima hilo likelele!"

"Mama, nikizima nauawa. Muziki ndio unaniambia adui amekaribia. Wewe unaogopa nini na kioo hukioni? Halafu umesali tano, nimekuhesabia."

Akazima. Nikaleta sijida mbili za kusahau, nikidhani sasa nitatulia. Wapi! Ule ukimya ulinibana zaidi. Hofu ilikuwa yangu tangu alfajiri, zile ngoma ziliikuta tu. Zaina sikumwambia.

Shemeji alipiga jioni. "Wamemaliza, shemeji, ila hajaamka."

Hajaamka mpaka sasa. Zaina ameacha kucheza mwenyewe, ameilaza simu mkekani katikati yetu. Kila nikiandika neno naitupia jicho.

Ya Rabi, mwamshe Mwanaidi. Naogopa sana.